Picha Moja kwa Siku, Njiani Kwenda Gengeni

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mnaohitimu leo, hongereni sana, pamoja na wazazi wenu waliowavumilia mkitoka na simu mkononi asubuhi hadi jioni.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ameniomba niseme machache mbele ya vijana hawa waliomaliza mafunzo ya kupiga picha. Mimi kazi yangu ni ukarani wa hesabu, makazi yangu ni hapa hapa Tandika, na sijawahi kulipwa shilingi kwa picha. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga picha kila siku kwa simu yangu, nikiwa kwenye mizunguko ya nyumbani: gengeni, mashineni, kwa fundi, kwa wakala wa kutuma pesa, kituo cha daladala. Sijasafiri kwenda popote kutafuta picha. Zote nimezipata nikiwa nimetumwa na shida zangu.

Ninalo ombi moja kwenu. Mkitoka hapa mtatafutwa na wenye harusi, wenye kipaimara, wenye maulidi, wenye mahafali. Nendeni, ni riziki na ni kazi ya heshima. Lakini kila siku inayopita pigeni na picha moja ambayo hakuna aliyewaagiza, na ipigeni ndani ya shughuli zenu za kawaida. Nawaomba hivyo kwa sababu nimeona kinachotokea kwenye familia ambazo hazina picha hizo.

Chukueni albamu ya familia yoyote ya mwambao huu, ifungueni. Zanzibar, pale Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Vizazi vya Waunguja vimepita pale na kwenye studio nyingine za mwambao, kutoka Lamu hadi Mtwara. Watu walikwenda wamevaa nguo zao bora kabisa, kanzu imepigwa pasi, nywele zimesukwa jana yake, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa mandhari. Nazipenda sana picha hizo. Zimetunza nyuso ambazo tungezisahau.

Sasa tafuteni kwenye albamu hiyo hiyo picha ya mtu anapepeta mchele. Ya mtu anasubiri zamu bombani. Ya baba anachonga penseli ya mtoto kwa wembe. Hamtaziona.

Mama yangu mzazi ametangulia mbele ya haki. Picha zake tulizonazo ni chache, na katika zote amesimama wima, mikono imenyooka, hacheki, maana enzi zile mtu alipigwa picha akiwa ametulia. Mimi mama niliyemjua alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mguu mmoja ameukunja, kanga ameifunga kifuani, anaongea na jirani dirishani bila kuinua macho kutoka kwenye kifuu. Alikuwa akifika karibu na ganda anapunguza nguvu, ili ile rangi ya kahawia isiingie kwenye tui. Sura ile ninayo kichwani mwangu tu. Nikiondoka mimi na dada zangu, itaondoka nasi. Na wala hakuna wa kulaumiwa. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 24 au 36, kuununua ni pesa, kuusafisha ni pesa, nani angetumia hata moja kwa mtu anayekuna nazi? Sababu hiyo leo haipo tena. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa kuuza maji inapiga picha bila kuuliza bei ya mkanda.

Kuna picha moja ya zamani ambayo napenda kila anayejifunza kazi hii aijue. Mwaka 1838, jijini Paris, Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alielekeza kamera yake kutoka dirisha la juu kwenye barabara iitwayo Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara ya pilikapilika, magari ya farasi yanapita, watu wanakatiza huku na huko. Ila kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kunasa picha moja, na kila kilichokuwa kinatembea hakikushika. Ukiitazama leo unaona majengo, miti, na barabara ndefu isiyo na mtu. Halafu pembeni kwa chini unamwona mtu mmoja amesimama, mguu mmoja ameuinua. Anapigwa kiwi viatu. Yeye pamoja na huyo aliyeinama kumng'arishia walitulia muda wa kutosha, wakabaki.

Hiyo ndiyo picha inayotambulika kuwa ya kwanza kuonyesha binadamu. Ulaya ilikuwa na wafalme, ilikuwa na majenerali waliojaa nishani, na aliyewatangulia wote kuingia kwenye picha ni mtu aliyetoka na shida zake za mjini akasimama kwa shushaina. Majina yao wote wawili hayajulikani. Mimi nikipita pale kituoni nikawaona vijana wetu wamekaa kwenye vigoda vyao na brashi na kopo la kiwi, nawaona ni watu wa ukoo wa zamani sana katika fani hii yenu.

Basi niwaambie inakuwaje siku ya kawaida.

Asubuhi moja nilipeleka mahindi mashineni, kisado kimoja tu cha matumizi ya nyumbani. Ile mashine mlango wake unatazama mashariki. Saa moja na nusu jua linakuwa limeingia hadi ndani, na kwa kuwa chumba kizima kimejaa vumbi la unga, mwanga unaonekana wote, kuanzia kizingitini mpaka kwenye mdomo wa mashine. Kijana anayesaga amejifunga kitambaa puani. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, masikio meupe. Akaweka kiganja chini ya mdomo wa mashine, unga ukamwagikia mkononi, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Alikuwa anaupima ulaini. Hakuridhika, akageuka akakaza mashine kidogo, akarudi kuupima tena. Hakutazama chochote, alikuwa anasikiliza kwa vidole.

Nikamwambia, "Mwanangu, naomba urudie hivyo hivyo nikupige picha."

Akashangaa. "Mama, na vumbi lote hili?"

"Hilo vumbi ndilo ninalolitaka."

Akacheka, akarudia. Picha ninayo, na nitaionyesha hapo mezani tukimaliza. Lakini nawaambieni ukweli, nimekuwa mteja wa mashine ile miaka na miaka, nikisimama mlangoni nimeziba pua, nikitaka unga wangu upesi niondoke. Nilikuwa nalipia unga uliosagwa na ujuzi ulioko kwenye vidole vya mtu, na ujuzi wenyewe nilikuwa siuoni. Siku niliyouona ndiyo siku niliyokuwa natafuta picha. Tangu hapo ugali wa nyumbani kwangu una mtu ndani yake.

Ndiyo maana nasisitiza mizunguko. Mtu anayetoka na kamera kwenda kutafuta picha anakwenda anakotarajia kuona uzuri: ufukweni, Bagamoyo kwenye magofu, machweo ya Coco Beach. Ni sehemu nzuri na zimeshapigwa picha na kila mtu. Mtu anayepeleka mahindi mashineni hakutarajia kitu. Macho yake yanashtuka, na mshtuko huo unaonekana kwenye picha.

Karibu na kituo chetu cha daladala yuko fundi viatu, mzee wa makamo, amekaa chini ya mwarobaini. Nilipomwomba mara ya kwanza alikataa. "Picha ya nini? Uende ukaniuze?" Nikamwambia, mzee, shikamoo, nimekuelewa, nikampa kiatu changu akashona nikaenda zangu. Nilirudi na viatu vya watoto, nikarudi na mkoba uliokatika mkanda. Siku moja yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Na ile picha yako uliacha?" Nikapiga mikono yake tu, sindano ya kushonea imetoboa soli ya tairi, uzi ameushika kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Nikaisafisha, nikampelekea nakala yake. Ameibandika ndani ya mfuniko wa sanduku la vifaa vyake, kila akifungua kuchukua nyuzi anaiona. Wateja wakiuliza anawaambia, "Hiyo ni mikono yangu."

Vijana wangu, hapo nataka niwe mkali kidogo. Mwenye uso ndiye mwenye ruhusa. Akikataa, amekataa, na usimwibie kwa kujifanya unasoma meseji. Kukataliwa leo si kukataliwa milele; mtu anayekuona kila wiki ukinunua kwake atakuzoea. Na ukimpiga, mpelekee nakala iliyosafishwa kwenye karatasi. Watu wetu wengi wamepigwa picha sana na wageni na hawajawahi kuziona. Hospitalini msipige wagonjwa. Msibani msipige mpaka mwenye msiba amesema. Watoto wa watu, muulizeni mzazi. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na mahali palipo na kibao cha kukataza, wekeni simu mfukoni kabisa. Nchi yetu tangu mwaka 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo jambo hili si la adabu peke yake.

Sasa kuna watakaosema, mama, mtaani kwetu hakuna jipya la kupiga kila siku. Genge ni lile lile, duka la Mangi ni lile lile. Nawajibu kwa genge.

Dada mmoja wa mtaa wa nyuma anauza genge, meza ya mbao na mwavuli. Nimekuwa nikilipiga genge lile nikiwa nimesimama sehemu moja, pale kwenye nguzo ya umeme, kila ninapoenda kununua mboga. Ukizipanga picha hizo kwa tarehe unaona mwaka mzima unapita juu ya meza. Novemba maembe yanaanza, dodo na bolibo, meza inakuwa ya njano na kijani, nzi nao hawachezi mbali. Masika yakiingia Machi, nailoni inafungwa juu ya mwavuli, chini kuna tope, mafungu ya mchicha na matembele yanakuwa makubwa kwa bei ile ile. Katikati ya mwaka machungwa ya Muheza yanafika, yamepangwa matatu chini na moja juu. Nyanya zikipanda bei, mafungu yanapungua kutoka nyanya tano hadi tatu, hadi mbili na kakipande ka karoti ka kumfariji mteja. Halafu unaona Ramadhani: magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi mzuzu, meza imejaa hadi chini kwenye magunia. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, futari katika picha zangu inasogea taratibu kutoka msimu mmoja wa matunda kwenda mwingine. Jambo hilo nililijua tangu utotoni kwa kuambiwa. Kuliona kwa macho, limepangwa mbele yako meza baada ya meza, ni furaha ya aina yake.

Na katika picha hizo hizo yumo dada mwenyewe. Kuna miezi ana tumbo. Kuna miezi ana mtoto mgongoni. Kuna picha mtoto amesimama ameshika mguu wa meza. Hivi karibuni mtoto ndiye aliyenirudishia chenji. Hakuna studio ingeniletea picha hizo, na mimi nilikuwa naenda kununua bamia tu.

Picha za mizunguko zina tabia ya kuwa historia wakati mwenyewe hujakusudia. Soko Kuu la Kariakoo mnalijua, lile jengo lenye paa la miavuli ya zege. Lilichorwa na msanifu wetu wa Kitanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua. Siku zilizofuata watu walikuwa wanatafuta kwenye simu zao, mwenye picha ya ngazi, mwenye picha ya meza ya shangazi yake, mwenye picha ya mzee aliyekuwa akimuuzia iliki. Picha za paa kutoka nje zilikuwa nyingi, maana paa ni zuri na kila mgeni hulipiga. Za ndani, za watu wakipima na kufunga vitu kwenye magazeti, zilikuwa chache. Mimi ninayo ya mama mmoja ananusa karafuu kwenye kiganja kabla ya kununua. Niliipiga kwa kuwa alifumba macho alivyonusa, basi. Leo naitunza sana.

Au angalieni mikono ya watu. Katika picha zangu za zamani kila anayetoka sokoni ana mfuko wa rambo, mweusi au wa mistari ya bluu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania bara, na ghafla katika picha za Juni vikapu vya ukindu vimerudi, watu wamebeba nyanya kwenye ndoo, mtoto amebeba mkate umefungwa kwenye gazeti, na mifuko mbadala ya kitambaa ya rangi zote. Hakuna aliyenituma kuandika habari hiyo. Iliingia yenyewe.

Kuna na mizunguko inayokufa, nayo ni ya kupiga kabla haijaondoka. Zamani umeme ukiisha unakwenda kununua LUKU, unapanga foleni, unarudi na kikaratasi chenye tarakimu 20. Nyumba ya jirani yangu zoezi la kuziingiza lilikuwa la familia: kaka amesimama juu ya kiti kwenye mita, dada anamsomea nne nne, bibi kwenye giza anasema, "Taratibu, msikosee." Kikaratasi siku hizi kimebadilika kuwa meseji ya simu, na mita nyingi zinaingizwa na mtu mmoja bila hata kuita mwingine. Picha niliyoipiga siku ile ina mwanga wa tochi tu, imechafuka, nyuso hazionekani vizuri. Sekunde iliyofuata taa ikawaka na watoto wa nyumba nzima wakapiga kelele kwa furaha. Kelele haimo kwenye picha, lakini kila nikiitazama naisikia.

Nyie mnaopenda kusikia habari za wapiga picha wakubwa, nawapeni wawili wa Marekani ambao nawaheshimu sana katika jambo hili. Wa kwanza ni Vivian Maier. Alizaliwa New York mwaka 1926, na maisha yake mengi alikuwa yaya wa watoto, hasa Chicago. Alikuwa akitoka na watoto wa watu kwenda matembezini na madukani, kamera ya Rolleiflex inaning'inia kifuani, anapiga. Kamera ile unaiangalia kwa juu, umeinamisha kichwa, kwa hiyo aliwapiga watu bila kuwakazia macho. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa kwenye ghala vilipigwa mnada kwa sababu kodi haikulipwa, ndipo dunia ikaanza kuziona picha zake. Alifariki mwaka 2009. Aliacha picha zaidi ya 100,000, nyingine zikiwa bado kwenye mikanda ambayo haijasafishwa. Kazi yake ya yaya haikumzuia. Kazi ndiyo iliyomtoa nyumbani na kumpeleka barabarani.

Wa pili ni Jamie Livingston. Tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha moja ya Polaroid, ile inayotoka kwenye kamera papo hapo, kila siku. Moja tu, iwe nzuri au mbaya, ndiyo ya siku hiyo. Chakula, marafiki, chumba, barabara, kazi. Akaendelea hivyo miaka 18. Mwisho wake picha zinamwonyesha akiugua, hospitalini, na bado ni moja kwa siku. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku yake ya kuzaliwa ya 41, na mfululizo ukaishia siku hiyo hiyo. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilikaa nazo usiku mzima. Picha moja moja hazikunishangaza. Kilichonishika ni kwamba hakusubiri siku iwe nzuri ndipo aiheshimu.

Nadhani walimu wenu wamewafundisha mambo ya mwanga vizuri, nami niongeze ya mtaani. Sisi tuko karibu na Ikweta. Jua letu linapanda wima, halikawii pembeni. Ule mwanga laini wa dhahabu mnaousikia, wenzetu wa kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi wanaupata kwa muda mrefu. Hapa Dar es Salaam saa moja na nusu baada ya jua kuchomoza umekwisha. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana linakuwa juu ya utosi kabisa, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Kwa hiyo mizunguko yenye nyuso za watu ifanyeni asubuhi au baada ya alasiri. Mkibanwa mchana, mwingizeni mtu chini ya mwavuli wa genge au barazani kwenye mlango, ageukie nje. Mwanga unaorudi kutoka kwenye mchanga utampendeza uso.

La pili ni rangi zetu. Filamu za rangi za Kodak kwa miongo mingi zilipangwa kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na maabara zikasawazisha rangi kwa ngozi yake. Weusi wakatoka vivuli, meno na macho tu. Kampuni hiyo ilianza kurekebisha filamu zake pale watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao walipolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Simu za leo ni bora sana, lakini bado ukimweka mtu mweusi mbele ya anga jeupe, simu inalihangaikia anga na uso unazama. Mguse usoni kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kwa kidole mpaka umwone. Msikubali hata siku moja mtu wenu atoke kivuli. Bibi yako ana rangi yake, ana mikunjo yake, itafute.

Na futeni kioo cha kamera kwa kanga au shati kabla ya kupiga, kila mara. Nusu ya ukungu kwenye picha za mtaani ni mafuta ya vidole.

Mtaniuliza faida yake ni nini kwa mtu ambaye haiuzi. Mimi kazi yangu ni tarakimu kuanzia asubuhi, na nyumbani kuna ada, kodi, maji, nauli. Kuna siku nilikuwa naweza kulala nikiulizwa umeona nini leo nikasema sijaona kitu. Mtu mzima, nimepita mtaani mara nne, nimesalimiana na watu, sijaona kitu! Kutafuta picha moja kumeniondolea hali hiyo. Siku mbaya kabisa, siku ya msiba, siku ya kukosa pesa, bado ina konda anayemshika mkono bibi kizee kumpandisha daladala huku anapiga kelele "twende, twende" kwa suka. Ina harufu ya chapati za mama lishe saa kumi na mbili asubuhi. Ina kuku amelala juu ya pikipiki ya bodaboda iliyozimwa, kwa sababu kiti bado kina joto. Shida zangu hazipungui kwa kumwona kuku. Ila nalala nikijua siku ile niliishi.

Na furaha hii haihitaji uwe na nafasi. Watu husema nikipata muda nitaanza. Muda mnao, ni ule wa kusubiri chenji, kusubiri zamu, kusubiri fundi amalize. Pigeni hapo.

Mwisho wa siku kaeni kitandani mchague moja. Zile nyingine futeni, hata kama zinauma, simu isijae. Iliyobaki iandikieni tarehe, mahali na jina la aliyemo kama ameridhia, kwa maneno machache tu. Kila mwezi kasafisheni chache kwenye karatasi pale kwa mwenye mashine ya picha sokoni. Simu zinaibiwa, zinatumbukia kwenye ndoo, zinakufa bila kuaga. Karatasi iliyo kwenye bahasha kabatini itamfikia mjukuu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami namaliza. Picha zangu nimezipanga kwenye ile meza ya mlangoni, tafadhali zishikeni, zigeuzeni, nyuma kuna maelezo. Mkimwona mtu mnayemfahamu humo mniambie jina la mtaa wake, maana kuna watatu bado wananidai nakala zao. Yule kijana wa mashine, yake ameshaichukua. Mama lishe wetu ameleta chai na mihogo, na yeye amekubali kupigwa picha leo, ila amesema kwanza watu wale. Karibuni sana, asanteni kwa kunisikiliza.